Mbio za Magari, Ghorofa ya Tatu

Jumatatu, 2 Agosti 1999

Hasira! Chai nimeiacha ikapoa makusudi, ili mke wangu Bi Kibibi aniulize kuna nini. Hakuuliza. Kaimwaga, kaosha kikombe.

Basi naandika. Awadhi na Polycarp wamehama. Hawajahama mtaa, wamehama sebule! Tangu nistaafu kazi ya winchi bandarini, kila jioni watu hawa wawili wanakaa kwangu hapa Mchafukoge, ghorofa ya pili, wanakunywa kahawa yangu na kunisema. Awadhi nilipakua naye meli ujana wote. Polycarp ni fundi saa, hasemi sana, lakini akisema anauma. Sasa wako ghorofa ya tatu, kwa Harilal muuza vitambaa. Harilal kanunua kompyuta ya kuchezea mbio za magari. Nawasikia kupitia dari. Wanapiga makofi. Polycarp anacheka! Kwangu miaka yote hiyo alikuwa anaguna tu.

Na mimi kompyuta ninayo! Ofisi yetu ya zamani ilipobinafsishwa waliuza makorokoro yao, nikabeba moja. Mchezo ni ule ule. Awadhi kaujaribu wiki iliyopita. Gari likawaka, likafikiri, likasogea, likafikiri tena. Akasema amewahi kusindikiza jeneza lililokwenda kasi kuliko hilo. Akapanda juu bila hata kuaga. Na kikombe changu mkononi!

Jumamosi watarudi. Nitaifungua hii mashine, niiongezee vitu mpaka ilie. Sebule yangu itajaa watu, na Harilal atabaki kutazamana na mkewe Champaben.

Jumanne, 3 Agosti

Kariakoo. Mkokoteni umenipanda kisigino, na mwenye mkokoteni kanigombeza mimi, eti nimeweka mguu njiani. Nimemtukana mpaka alipokata kona.

Nimekwenda dukani kwa Rogath. Rogath ni Mchaga, zamani akiuza vitunguu kwa jumla. Soko huria lilipokuja akauza redio kaseti. Sasa anauza matumbo ya kompyuta. Kaniamkia shikamoo kwa adabu zote, nikaitikia marahaba. Akauliza mashine yangu ni ya aina gani.

Nikamwambia hayamhusu.

Ukiwa umekulia Kariakoo, humwonyeshi muuzaji shida yako. Ukisema harusi ni kesho, kanga zinapanda bei hapo hapo. Unajifanya unapita tu. Unashika kitu, unakiponda, unakirudisha, unaondoka, unaitwa. Ndiyo biashara! Sasa Rogath anasema mzee wangu, bila kuijua mashine nitakupaje memori itakayoingia? Memori ni vijiti fulani vya kuifanya kompyuta ikumbuke haraka. Mtego huo nimeuona toka mbali. Nikamwambia nyumbani ninazo kompyuta za kila namna, anionyeshe tu mzigo. Alikuwa na vijiti vifupi na virefu. Nimechukua kirefu kuliko vyote. Mimi si mjinga.

Akanishauri nianze na pawa saplai, lile sanduku la kugawa umeme, maana mashine za zamani huwa limechoka. Nikauliza linakaa wapi. Ndani, kwa nyuma. Nikauliza wageni wataliona? Akasema hawataliona. Sasa nilinunue la nini?

Tumebadilishana. Yeye kanipa kijiti, mimi nimempa redio niliyokwenda nayo kwapani. Ya Bi Kibibi. Hajajua.

Jumatano, 4 Agosti

Kijiti hakiingii. Ni kirefu mno. Nimekigeuza, nimekipiga ngumi, nimekisomea Bismillahi. Wapi! Nikatafuta tupa ya kunolea visu, nikakipunguza upande mmoja. Ikabaki kidogo tu kiingie. Nikapunguza upande wa pili. Kikaingia kwa raha kabisa, na kompyuta ikakataa kuwaka.

Bi Kibibi kaulizia redio. Nikasema iko kwa fundi. Akauliza tangu lini redio nzima inapelekwa kwa fundi. Nikakohoa mpaka akachoka kusubiri.

Nikarudi kwa Rogath na moto wangu. Nimemwambia kaniuzia kijiti kibovu, kimeliwa pembeni, pengine na panya. Akaniamkia tena shikamoo. Akakiinua juani, akaona michirizi ya tupa. Basi! Kaniaibisha huku kanishika mkono kwa heshima, kama mkwewe. Kaita maduka yote ya jirani: njooni mwone, mzee wangu kanyoa memori! Wakaja. Mama mmoja wa vitenge kaniuliza kama nanyoa na vichwa, ana wajukuu wanne.

Rogath kafuta machozi, kachomoa kijiti kifupi kwenye mashine mfu, kanipa bure. Eti malipo ya kicheko. Nilitaka kumtupia usoni. Nikakitia mfukoni kwanza, ndipo nikakasirika.

Kimeingia. Kompyuta imewaka. Gari linakwenda sasa, lakini likitokea gari la pili picha inakatika vipande vipande kama mkeka uliotafunwa. Na kelele za juu leo! Harilal kawakaangia bajia.

Alhamisi, 5 Agosti

Mbinu mpya. Ukishindwa kupandisha chako, shusha cha mwenzio.

Nimemvizia Awadhi kwenye ngazi. Nikamwambia kwa sauti ya chini, kama ndugu, kwamba mwanga wa kompyuta kama ile ya Harilal unamaliza nguvu za kiume, daktari mmoja kasema. Awadhi akakuna kidevu. Nikajua kanasa. Halafu akasema kwa upande wake mwanga umechelewa kufika, umekuta duka limeshafungwa. Akapanda juu akicheka. Nimemsikia akimsimulia Polycarp! Polycarp kacheka tena! Mtu huyu nilidhani ana ugonjwa wa taya.

Na mkosi haukuishia hapo. Bi Kibibi kapita Kariakoo kununua bamia, kasikia redio yake inaimba dukani kwa Rogath. Anasema mkwaruzo wa sauti yake anaujua kuliko wangu. Kaja nyumbani bila bamia. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga! Kachukua mto wake wa kukalia, kapanda kwa Champaben kusikiliza taarifa ya habari. Sasa na mke wangu yuko ghorofa ya tatu. Nimebaki mimi na jiko.

Saa ya magharibi mlango unagongwa. Harilal! Kavaa kandambili, kashika bakuli la chevda, ule mchanganyiko wa Kihindi wa kutafuna, na kitu kingine ndani ya gazeti. Anasema Zahoro bhai, ndugu yangu, nimesikia mashine yako inasumbua, mimi nimebadilisha kadi ya picha, hii ya zamani imekaa bure, chukua. Na anatabasamu. Hata chembe ya ubaya usoni hana, mshenzi! Ukigombana na mtu mbaya unapumzika. Huyu hakupi nafasi.

Nimemwambia sihitaji msaada wa mtu. Nimemwambia aiweke mezani tu, isije ikashika vumbi huko kwake. Chevda nimekula yote kwa hasira.

Ijumaa, 6 Agosti

Inaruka! Nimetoka msikitini, nimeipachika kadi ya Harilal, imeingia bila tupa. Gari linakwenda mpaka nashika meza. Nimegonga ukuta mara nyingi, na kila mara kila tofali nimeliona. Nimepiga kelele peke yangu sebuleni. Halafu nikaona hakuna wa kunisikia, nikakasirika upya.

Nimewaalika wote kesho saa kumi na moja. Nimepiga kelele kutoka ngazini: Awadhi, Polycarp, Bi Kibibi, Champaben, na Harilal mwenyewe aje aone kadi yake inavyoheshimiwa kwa watu. Awadhi kajibu kutoka juu kwamba watakuja, lakini nianze kuwasha leo ili kesho gari liwe limetoka.

Tatizo ni LUKU, umeme wa kununua kwanza. Bi Kibibi kashuka kuoga, kaitazama mita, kasema mashine yangu inakula yuniti kama ng'ombe anakula majani, na giza likimkuta na sabuni machoni nitamtambua. Nikazunguka nyuma ya kompyuta kuangalia inakula kwa mdomo gani. Nikakiona! Kibonyezo chekundu, kidogo, kimejificha karibu na waya. Ukikisukuma huku kimeandikwa 230. Ukikisukuma kule, 115.

Nilisoma mpaka darasa la nne, na la nne linatosha kujua nusu. Nusu ya umeme! Matajiri wanajua, wanakiweka nyuma makusudi ili mtu kama mimi asikione. Harilal na maduka yake hajakiona. Rogath na ujuzi wake hajanitajia. Kesho, mbele ya wote, nitakisukuma. Gari lile lile, kwa nusu ya LUKU. Hakuna atakayepanda ngazi tena.

Jumamosi, 7 Agosti

Walikuja wote. Nitaandika ukweli: sebule ilikuwa imependeza. Awadhi alikaa pale pale pake pa siku zote, Polycarp akavua viatu. Nikasimama nikatoa hotuba. Nikasema wako watu wanaonunua kompyuta, na wako watu wanaozielewa. Nikamtazama Harilal. Akaitikia kwa kichwa, kwa heshima. Nikasema sasa mtaona umeme wa nusu bei. Nikapiga magoti, nikasukuma kibonyezo. Hapo Harilal akainuka, akasema bhai, ngoja, hicho ni cha umeme wa Marekani, huu wetu uta...

Sikungoja. Mtu haniambii ngoja kwenye sebule yangu. Nikawasha.

Mlio ule nimeusikia mara moja tu maishani, siku kontena lilipodondoka gati. PAA! Moshi, cheche, harufu ya ukwaju ulioungua, kisha giza. Fyuzi zote za nyumba! Champaben kamwita Mungu wake, Bhagwan, Bi Kibibi kaniita jina ambalo siliandiki. Nilipopata fahamu nilikuwa nyuma ya Champaben nimemshika bega. Wakaniuliza kama niko mzima. Nikasema ondokeni. Wakapanda juu wakishikana. Kwenye ngazi ndipo kicheko kilipowatoka. Waliketi kwenye ngazi kucheka! Polycarp alishindwa kupanda.

Kosa ni la ile kadi. Kitu cha bure.

Jumapili, 8 Agosti

Nane Nane, sikukuu ya wakulima. Watu wamepumzika, Rogath kafunga. Nikajifungia nami nipange mashine mpya.

Saa tisa, mlango. Awadhi na Polycarp. Wamekuja na kahawa yao wenyewe, eti wanataka kuisikia ajali kwa mdomo wa dereva. Wakaingia bila kukaribishwa, wakakaa. Awadhi akainuka kuigiza jinsi nilivyoruka, akamfanya Polycarp kuwa Champaben. Polycarp kacheka mpaka kavua miwani. Akasema amefungua saa za kila namna Dar es Salaam hii, hajawahi kuona mtu aliyefungua umeme wenyewe. Bi Kibibi, aliyekuwa kashuka kulala, katoka chumbani kumsahihisha Awadhi, moshi haukuwa mweusi, ulikuwa wa bluu. Akakaa! Karibu yangu! Halafu Harilal kashuka na bakuli, kasema juu kumepoa, kazima kompyuta, nani atacheza peke yake? Champaben naye huyo. Viti vikaisha, Harilal akakaa chini.

Wamekaa mpaka magharibi. Awadhi kaswali kwangu, kamaliza, kaomba nisimulie tena pale kwenye hotuba. Magari hakuna aliyeyataja.

Nami natokota! Mtu atafikiri vipi kwenye zogo kama hilo? Kasha lipi, kadi ipi, spika za ukubwa gani, yote nilikuwa sijachagua hata moja, na Jumamosi ndiyo hiyo inakuja! Nikawaambia wanyamaze, nina kazi muhimu ya kuwafanya wahamie hapa. Wakacheka zaidi. Awadhi alianguka kutoka kwenye kiti.

Basi nikafungua mlango. Nje! Wote nje! Sebule si kijiwe! Wakatoka. Harilal kaniaga vizuri, kama kawaida yake. Wamepanda juu na kahawa yao, na Bi Kibibi kabeba mto wake, kawafuata.

Afadhali. Sasa kimya. Nimebaki peke yangu na kalamu, nipate kupanga vizuri namna ya kuwarudisha.