Ombi la Kuliita Jua Mbele ya Kamati ya Nidhamu

Ndugu Mkurugenzi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kiyoyozi chako kizima pia.

Mimi ni mpimaji wa kituo kidogo cha hali ya hewa kilichopakana na kiwanda cha saruji. Unanifahamu vizuri. Ndimi niliyekufundisha kusoma kadi ya jua ulipoletwa kwetu ukiwa mwanagenzi, na wewe ndiye uliyeipachika juu chini siku tatu mfululizo. Nimepokea barua yako ya onyo. Inasema kwamba kwa miaka ishirini na sita nimekuwa "nikipunguza jua" vitabuni huku nikiongeza joto, na kwa kuwa mambo hayo mawili hayawezi kwenda pamoja, basi mimi ni mwongo. Natakiwa kutia saini Fomu ya Kukiri Kosa ifikapo Jumatatu saa sita mchana, ili vitabu vyangu vyote viandikwe upya. Nikikataa nitafukuzwa kazi, na nimebakiza miezi mitano kustaafu.

Nimeisoma barua hiyo mara nne. Nakubali kosa lipo, ila mkosaji si mimi. Ni jua. Naomba kwa heshima zote liitwe mbele ya kamati, lijibu mashtaka yafuatayo.

1. Utoro. Kama unavyokumbuka, tuna tufe la kioo linalokusanya miale na kuchoma mstari mweusi kwenye kadi iliyo nyuma yake. Jua likiwaka, kadi inaungua, likififia, haiungui. Mwaka nilioajiriwa, mstari ulikuwa ukianza saa moja na nusu asubuhi. Siku hizi unaanza saa tatu, na kufika saa kumi jioni jua limeshajiondokea. Mimi nikiondoka saa kumi, dereva wa ofisi hukupigia simu.

2. Kufanya kazi nusu na kutoa joto zima. Pamoja na utoro huo, kipimajoto kinapanda mwaka hadi mwaka. Kamati iliponihoji, nilijaribu kuieleza kwamba kiwanda kinatoa vitu viwili. Kuna moshi tunaouona, vumbi na masizi, ambao huzuia miale na kushuka na mvua baada ya siku chache. Kuna na hewa chafu isiyoonekana, ambayo huifunika dunia kama blanketi na itakuwepo hata wajukuu zetu wakishazeeka. Ndiyo maana mwanga unapungua na joto linazidi. Yeyote aliyewahi kujifunika gubigubi anajua kwamba mtu anaweza kuwa gizani na bado akatokwa na jasho. Mwenyekiti alisema maelezo hayo hayaenei kwenye kisanduku cha fomu.

3. Kushindwa na jirani. Meneja wa kiwanda alikuja kutoa ushahidi, akakalia kiti ambacho kiwanda chenyewe kilitupatia kama zawadi. Alisema moshi wake ni kivuli cha bure kwa wananchi, na kwamba ukichujwa leo, kesho joto litaruka. Hapo, Ndugu Mkurugenzi, alisema nusu ya ukweli, maana kivuli kikiondoka na blanketi likabaki, tutaungua. Nilidhani atamalizia kwa kusema tupunguze kuchoma. Alimalizia kwa kuomba kibali cha bomba la pili. Kamati ikapiga makofi. Wahenga walisema pafukapo moshi pana moto. Kamati yetu imeamua pafukapo moshi pana kivuli. Mtu anachochea kuni chini ya kitanda cha mgonjwa wa homa, anamwekea kitambaa cha maji kwenye paji la uso, na sisi tunamsifu kwa kitambaa.

4. Kutomtetea mke wangu. Mama watoto, ambaye hakusomea mambo ya anga, ameuliza kama hiki kivuli cha bure ndicho kinachomkohoza mpaka anashika ukuta. Nimemwambia asikose shukrani.

5. Adhabu. Napendekeza jua lipewe onyo la maandishi. Likikaidi lisimamishwe, na nafasi yake ikaimiwe na bomba la kiwanda, ambalo halijachelewa kazini hata siku moja. Kalenda zirekebishwe ipasavyo. Watoto shuleni wafundishwe kuchora jua kwa penseli ya kijivu, ili wasije wakakua na kuanza kuuliza maswali.

6. Fomu yenyewe. Hapa naomba niseme bila mzaha. Sijawahi kuandika tarakimu ambayo sikuiona kwa macho yangu. Siku tuliyomzika mama yangu nilipima saa tatu asubuhi, nikaenda kuzika, nikarudi kupima saa tisa. Nikitia saini, na siku ile nayo itakuwa uongo. Inaniuma sana. Lakini miezi mitano ni miezi mitano, na mama watoto anahitaji daktari. Kwa hiyo naahidi: jua lisipofika Jumatatu kabla ya saa sita kujitetea, nitasaini.

Nisalimie wajumbe wote wa kamati, mwenyekiti na visanduku vyake, dereva na simu yake, na meneja wa kiwanda. Bomba sina haja ya kulisalimu, tunaonana kila siku.

Wako mtiifu, angalau hadi Jumatatu,
Mpimaji wa Kituo

Baada ya kusaini barua: Nilichelewa kuituma, na sasa ni Jumatatu. Tanuri la kiwanda liliharibika Ijumaa asubuhi, na bomba halijatoa moshi tangu hapo. Kadi ya jana iliungua kuanzia saa moja na nusu mpaka jua linazama, kama mwaka nilioajiriwa. Kipimajoto nacho kimepanda nyuzi moja na nusu, kwa hiyo ile nusu ya ukweli ya meneja naithibitisha. Mama watoto hajakohoa tangu juzi. Nafuta mashtaka yote dhidi ya jua.

Fomu nimeiambatanisha. Saa tano na nusu nilikuwa nimeshaandika jina na tarehe, nikaibana nyuma ya tufe ili upepo usiichukue, nikaingia ndani kutafuta kalamu nyingine maana ile ya kwanza iligoma. Niliporudi nilikuta panafuka moshi. Utaona mwenyewe kwamba jina lipo na tarehe ipo, ila pa kutia saini pana tundu. Kama bado mnaihitaji saini yangu, naomba mnitumie fomu nyingine tanuri likishatengenezwa.