Mkulima Niliyembuni Ikuti

Jumatatu, 2 Juni

Baridi. Ukungu mpaka mlangoni. Nimevaa tai hivyo hivyo. Wiki hii nauza.

Kampuni yangu ya Dar imesema nisipopata mteja kufikia Ijumaa, nirudishe laptopu yao. Wananitia ari tu. Mteja nimeshampata: Mama Atupakisye, msafirishaji wa ndizi hapa Tukuyu. Malori mawili, ofisi nyuma ya stendi. Anatafuta programu ya kuendeshea biashara yake: oda, wakulima, madereva, vyote mahali pamoja. Ninayo.

Tatizo dogo ni Hafidhi, mwenye duka la vifaa vya ofisi. Naye anauza programu, na ameitwa pia. Nimepita dukani kwake kumpima. Amenikaribisha chai. Nimekunywa, lakini siri zangu sikumwambia.

Jumanne, 3 Juni

Tumeonyesha programu zetu leo. Hafidhi alianza. Alifungua skrini tupu, halafu akaanza kumuuliza Mama maswali. Nani huwapigia wakulima? Dereva akiwa mahali hakuna mtandao, inakuwaje? Nani huidhinisha safari? Muuzaji gani huyu? Ni sawa na daktari kumuuliza mgonjwa anaumwa wapi.

Yangu ilikuwa imejaa tele. Mnunuzi: hoteli kubwa ya Dar, nimeibuni. Mkulima: Alinanuswe wa Ikuti, mwenye mikungu ya kujaza lori zima, naye nimembuni. Kitu cha kweli kilikuwa namba ya Yohane, dereva wa Mama, tu, ili simu yake iite mbele ya Mama. Nikabonyeza "Tuma safari". Kimya. Kumbe Yohane alikuwa safarini Kisiba na mtandao haukushika. Nikaeleza kwamba hiyo ni kasoro ya Kisiba, si ya programu.

Mama alicheka kidogo. Kesho anakwenda Mbeya, jibu atatupa Ijumaa. Mteja akishacheka, kilichobaki ni kusaini.

Jumatano, 4 Juni

Jambo limetokea. Yohane alipofika penye mtandao jana jioni, ujumbe ukaingia. Una jina la kampuni yake, una mahali, una mkulima. Dereva afanye nini? Asubuhi akaenda Ikuti na lori.

Nilijua mchana, aliponipigia. Chini ya ujumbe ipo namba ya msaada, na msaada ni mimi.

"Kaka, Alinanuswe yupi?" akauliza. "Huku wapo watatu."

Nilimbuni mmoja. Ikuti wanao watatu, na wote wameshaingia migombani kukata. Majirani nao wanakata.

Ningeweza kumwambia arudi. Nilifikiri kidogo. Lori likirudi tupu, Mama atauliza maswali. Likirudi limejaa, atasaini. Nikamwambia achukue za wote.

Kisha nikaenda sokoni kutafuta mnunuzi kabla lori halijafika. Mama mmoja aliniuliza kama mimi ni mgeni hapa. Nimezaliwa Igogwe, hapa hapa karibu. Sikuwahi kufikiri kwamba kila mtu Tukuyu ana ndizi nyumbani kwake.

Alhamisi, 5 Juni

Lori limelala uani kwa Mama, limejaa hadi juu ya bodi. Amerudi asubuhi, akaniita.

"Hoteli hii iko wapi?"

Nikasema hoteli ilikuwa mfano.

"Na Alinanuswe?"

"Naye alikuwa mfano, Mama. Ila amepatikana."

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alivuta kiti, akachukua simu, akaanza: Uyole, Mbeya, Makambako. Alipiga mpaka sauti ikakauka. Kila aliyempigia alisema tayari anazo.

Mmoja wa wale watatu, mzee, alikuja na lori. Alivaa koti lake la kanisani. Alitaka kuwaona watu wa hoteli waliolipata jina lake. Akaniuliza hoteli ina ghorofa ngapi. Nikamwambia saba. Sijui kwa nini nilisema saba. Alikuwa amefurahi, na nikaona vigumu kumkatisha.

Mama ndiye aliyemweleza, kwa Kinyakyusa, polepole, huku akimmiminia chai. Mzee akasikiliza mpaka mwisho. Akanitazama. Sikuipenda ile namna ya kunitazama. Kisha akavua koti, akalikunja, akaenda kutandaza majani ya migomba juu ya mikungu ili jua lisiichome. Nikaenda kumsaidia.

Ijumaa, 6 Juni

Ndizi zimepata mtu Mbeya. Ni Mama aliyempata, kwa simu yake ya vibonyezo. Wakulima hawatapata hasara. Mama ndiye atakayeipata, kidogo.

Jibu limetoka: amechukua programu ya Hafidhi. Nikamkumbusha kwa heshima kwamba yangu imejaza lori kwa siku moja, bila mteja, bila mkulima. Ipi nyingine inaweza?

"Mwanangu Asukile," akasema, "mimi kujaza lori sijawahi kushindwa. Hafidhi aliniuliza nani anaidhinisha safari. Wewe hukuniuliza kitu."

Hafidhi akanipa mkono. Akasema nikitaka, nikae dukani kwake nijifunze kuwasikiliza wateja. Nimemjibu nitafikiria. Ni wazi ananiogopa.

Jumamosi, 7 Juni

Nimekwenda stendi kuituma laptopu Dar kama kifurushi. Wakati nasubiri kwenye ofisi ya tiketi, nikamsikia Fred, mwenye basi la asubuhi la kwenda Mbeya, akilalamika kwamba siti moja inauzwa kwa watu wawili. Anahitaji mfumo. Alikuwa amesimama mbele yangu kabisa.

Laptopu nimerudi nayo. Dar watasubiri. Fred amekubali nimwonyeshe Jumatatu alfajiri, palepale kwenye dirisha la tiketi. Alitaka kunieleza wanavyokata tiketi, nikamwambia asijisumbue, mambo hayo nayajua.

Skrini tupu haiuzi, hilo halina ubishi. Nimekaa mchana kutwa nikiijaza: majina ya abiria, siti zao, mizigo yao, na namba ya kweli ya kondakta ili simu yake iite. Nimemaliza sasa hivi. Inapendeza sana. Basi la Jumatatu limeshajaa, halina nafasi hata moja.