Nyasi za Farasi Wasiokuwepo

Jumatatu, Mfungo Sita 3

Khanbaliki kongwe inakwisha. Leo tena familia mbili za mtaa wetu zimehamia mji mpya, na meza zao na kuku wao. Mikate niliyooka alfajiri, nusu imenidodea. Nani ale? Tumebaki mimi, mke wangu Mahin, na Geng mwuza tofu, ile jibini ya maharage, jirani yangu na adui yangu wa miaka kumi.

Amri ya Khan, mfalme wa Wamongolia, imesomwa sokoni: viwanja vya mji mpya watapewa kwanza wenye vyeo na wenye mali. Cheo sina. Mali, tutaona!

Jumanne, Mfungo Sita 4

Nimepata! Tajiri wa hapa hutambulikana kwa farasi. Sina farasi. Lakini nyasi je? Nimetoa mikate ya wiki nzima, nimepata mikokoteni minne ya nyasi kavu. Nimezirundika uani hadi zimepita ukuta. Karani wa viwanja akija kuuliza, farasi wako malishoni. Nani atakwenda kuwatafuta?

Geng alichungulia, akauliza kama nimeanza kula nyasi. Nikamjibu tajiri haongei na mtu anayenuka maharage. Mahin akasema tajiri huyo akachote maji.

Nilichota.

Ijumaa, Mfungo Sita 7

Karani Esenbuka amekuja baada ya sala. Nilimpokea kwa joho la hariri nililoazima kwa shemeji yangu Farrukh, fundi nguo. (La mteja wake, lakini hayo ni yake.) Karani alizitazama nyasi kwa muda mrefu. Akatabasamu. Nikajua kiwanja ni changu! Akauliza ua wangu unatosha farasi wangapi. Nikasema kwa madaha, "Tisa, bwana, bila kubanana."

Akaandika.

Kumbe farasi tisa wa wajumbe wa Khan hawana pa kulala, na kutwa alikuwa akitafuta raia mwenye nyasi! Wameletwa kabla ya alasiri. Na kiwanja? Akasema mwenye ua mpana namna hii ahame kwenda wapi?

Jumatatu, Mfungo Sita 10

Nyasi zimekwisha. Mzabibu wa Mahin umekwisha. Mkono wa kushoto wa joho umekwisha. Farrukh alikuja, akaona, akaondoka. Hatuzungumzi.

Na Geng kapata kiwanja! Hakufanya hila hata moja. Alimwambia karani ana wana wawili wenye nguvu na matofali yaliyokwisha kuchomwa, atajenga kabla ya baridi. Basi! Ukweli mtupu! Huo nao ni utapeli wa namna gani?

Jumatano, Mfungo Sita 12

Farasi wamechukuliwa, alhamdulillahi. Mmoja alinitazama kwa huzuni. Nadhani ilikuwa njaa.

Jioni Geng alisimama mlangoni, mikono nyuma. Nilijua amekuja kunicheka. Akanicheka kweli, hadi akashika ukuta. Kisha akasema kiwanja chake ni kikubwa, pembe ya barabarani iko tupu, nayo tofu bila mkate wangu wa moto haimpiti kooni.

"Lete tanuri lako, mzee. Huko ugenini nitamtukana nani?"

Nilitaka kukataa kwa heshima. Nikageuka: Mahin alikuwa keshaanza kufunga vyungu, anaimba. Sikuwa nimemsikia akiimba tangu mtaa uanze kuhama. Nikafuta macho. Nikasema vumbi.

Nimekubali.

Alhamisi, Mfungo Sita 20

Tumehamia! Barabara pana hadi nikaogopa kuvuka. Tanuri linawaka, mikate imekwisha kabla ya adhuhuri, na Geng kanitukana mara tatu mbele ya wateja. Raha iliyoje! Mahin ameniapisha: hila basi. Nimeapa kwa moyo wote.

Baadaye nimepita ofisi ya wafasiri. Wanatafuta mtu anayejua lugha ya Wafaranki, watu wa magharibi ya mbali kabisa. Sijui hata neno lake moja. Lakini nimeulizia mji mzima, na hakuna mwingine anayeijua. Sasa atanisahihisha nani?

Naanza Jumamosi.