Muziki wa Slaidi za Mzee Omuse

Jumatatu, 3 Machi 2025
Nitakuwa katibu. Ushirika wetu wa karanga hapa Angurai unachagua Alhamisi, na mwenyekiti, Mzee Omuse, anataka kila mgombea aeleze mipango yake mbele ya wanachama. Tuko wawili tu. Vivianne anaandika yake kwenye karatasi ya manila kwa kalamu za rangi. Maskini. Mimi nina slaidi kumi na mbili, na ya mwisho ni picha ya Mzee mwenyewe, kofia kichwani, anatabasamu. Nani ataunyima kura uso wake mwenyewe?

Jumanne, 4 Machi
Slaidi kimya ni chai bila sukari. Asubuhi, baada ya taarifa ya habari, niliweka simu mbele ya redio nikanywa uji taratibu. Nimenasa akogo, kinanda chetu cha vidole, safi kabisa! Nimeiingiza kwenye slaidi ya kwanza na kuiamuru iendelee mpaka ya mwisho. Mke wangu Zilpa amesema nisikilize rekodi yote. Nimesikiliza dakika tatu. Mtu hamalizi sufuria ndiyo ajue ugali umeiva.

Alhamisi, 6 Machi
Nilianza vizuri mno. Akogo inalia, watu wanatikisa vichwa, Vivianne kakunja manila yake. Nikanogewa. Slaidi ya magunia peke yake niliieleza dakika kumi.

Picha ya Mzee ilipotokea, akogo ikanyamaza. Sauti nzito ikasema kwamba kwa masikitiko makubwa, familia inatangaza kifo cha mzee wetu mpendwa. Ukumbi mzima ukasimama. Kofia zikavuliwa. Mzee Omuse naye akavua yake na kuinamisha kichwa, mpaka alipojiona ukutani. Mkewe, Mama Nakato, Mganda wa Masaka, alikuwa ameshaanza kulia huku amemshika mkono.

Mzee aliniuliza kwa upole kama nimepanga na siku ya kuzika. Niliona aibu, sikatai.

Vivianne kura arobaini na sita. Mimi moja. Zilpa amekiri kwamba yake haikuwa hiyo.

Jumamosi, 8 Machi
Nimetafakari. Muziki hauna kosa. Kosa ni redio ya huku kwetu. Na bado kuna nafasi ya naibu katibu, ambayo Mzee ataijaza kwa kuteua mtu Jumatatu. Kwa hiyo kesho baada ya kanisa naenda kwake na laptopu kuomba radhi. Picha ileile, kubwa zaidi, na muziki wa kumfurahisha Mama Nakato.

Leo asubuhi nimerekodi redio ya ng'ambo, ya Kiganda, mara tu baada ya habari. Kiganda sikijui, lakini mtangazaji ana sauti ya heshima, ya polepole, anataja majina ya watu na vijiji vyao huku kwaya ikiimba chinichini. Bila shaka ni salamu za wasikilizaji. Nimemwacha mpaka mwisho.