Taa ya Njano, Bomba na Shemeji

Jumatatu, 3 Machi

Taa ya njano imewaka kwenye dashibodi. Ile ya tairi lenye alama ya mshangao katikati. Nimeiombea. Haikuzima. Mke wangu akamwita kaka yake, fundi tairi, mtu asiyeingia kwangu bila kunifundisha kitu. Akatazama tu akiwa amesimama, akasema la nyuma kulia lina msumari, linavuja polepole. Nikalipiga teke. Likaitika vizuri. Miaka ishirini na mitano napima tairi kwa teke, na Mungu shahidi, sijawahi kukwama. Nikamwambia taa ndiyo mbovu.

Jumanne, 4 Machi

Jumamosi ni mahafali ya binti yetu, anakuwa muuguzi. Tangu darasa la kwanza nimemwahidi siku hiyo nitampeleka mimi. Leo mama yake katangaza: taa ikiwa bado inawaka, wanapanda gari la mjomba. Lenye viti vya ngozi!

Nimebandika utepe mweusi juu ya taa. Umedumu hadi saa nne. Mke aliubandua kwa kucha, akanibandika nao mkononi, akaendelea kusimulia habari za jirani.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepata dawa! Nimekwenda kwa fundi wa mtaa wa pili, asiyesalimiana na shemeji. Mtu muungwana. Kanieleza kwamba kila gurudumu lina sensa ndani, pale kwenye nozeli ya kujazia upepo. Inapima upepo na kulipelekea gari habari bila waya. Upepo ukipungua, taa inawaka.

Kumbe gari halijui tairi. Linajua sensa tu! Tukazitoa zote nne, tukazifungia ndani ya bomba la plastiki, tukalijaza upepo, tukalilaza kwenye buti. Taa kimya. Nikashukuru kwa sauti hadi wapita njia wakageuka.

Fundi alinionyesha msumari, nyuma kulia, akauliza auchomoe. Nikakataa. Kuuchomoa ni kumpa shemeji ushindi.

Jumamosi, 8 Machi

Mke kakagua dashibodi, kapanda. Binti mbele, joho mapajani. Tulipopita soko gari likaanza kuvuta kulia. Mke akasema tairi. Nikamwonyesha dashibodi, safi kabisa. Akauliza, basi hiyo harufu ya mpira inatoka wapi.

Tairi limeisha hadi rimu. Spea nalo limelala. Hilo sikuwahi kulipiga teke.

Mke akapiga simu. Shemeji alifika kwa dakika tisa. Hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma. Alilikuta bomba kwenye buti, akalitikisa, likalia kama njuga.

"Kwa hiyo upepo wote umeuweka humu, shemeji?"

Nikasema nitabaki kulinda gari langu. Binti akanishika mkono.

"Baba, panda. Nataka nikiitwa nikuone."

Nilipanda. Nyuma, bomba magotini. Viti ni laini, sikatai. Aliitwa wa saba. Nilipiga makofi hadi saa ikafunguka mkononi.

Jumapili, 9 Machi

Kwenye ibada nimetubu hasira. Bomba sikulitubia, lilifanya kazi yake sawasawa, tairi ndilo lililoniangusha.

Mchana shemeji kafunga tairi jipya, karudisha sensa mahali pake, kaondoka. Taa ya njano haipo tena.

Jioni imewaka nyingine, ya injini. Nimeiombea. Mke hajaiona bado, na utepe mweusi umebaki nusu nzima.