Fomu ya Leshan

Jumatatu, 9 Juni
Nafasi ya msimamizi wa kesi iko wazi! Kituo kizima cha kutibu ulevi hapa Kitengela kinajua ni yangu, isipokuwa mkurugenzi, Bi. Naipanoi, na Muthoki, mshauri mwenzangu. Muthoki humhoji mteja mmoja saa mbili nzima, mlango umefungwa. Upuzi! Mimi nina njia yangu: mteja na jamaa zake chumba kimoja, maswali ishirini, dakika kumi, chai. Kesho naanza na Leshan wa Bisil, aliyeletwa na baba yake. Mikono inamtetemeka hadi kikombe kinalia kwa sahani. Kesi rahisi.

Jumanne, 10 Juni
Dakika saba! Leshan aliketi kando ya Mzee Kuntai, baba yake, akaangalia viatu. Nikauliza hunywa mara ngapi kwa wiki. Hajawahi kuonja. Bangi je? Mzee akakohoa. Leshan akasema hata soda humsumbua. Maswali ishirini, sifuri ishirini. Nikapiga muhuri: hahitaji matibabu. Mzee akanitemea mate ya baraka mkononi, akabeba begi la kijana, wakaenda zao.

Muthoki akauliza ni Mmaasai gani atataja chupa mbele ya baba yake. Wivu tu.

Jumatano, 11 Juni
Lo! Bi. Naipanoi amesoma fomu. Ameuliza kama sikuona mikono ya kijana. Nikasema niliiona, ila fomu haina swali la mikono. Akaisoma fomu upya, mstari kwa mstari. Kisha akasema mnywaji kama huyo akiacha ghafla bila daktari anaweza kufa, na Leshan asiporudi kufikia Ijumaa, mimi pia nisirudi.

Alhamisi, 12 Juni
Bisil. Nilijifanya mnunuzi wa mbuzi ili nimvute Leshan kando. Mzee akanitambua kabla sijashuka kwa pikipiki, akaita wazee watano waje kumsalimia daktari aliyemsafishia mwanawe jina. Mbele ya wote nikamuuliza Leshan kama anakunywa. Hajawahi! Wakapiga makofi. Jamani, nilitaka kulia. Kijana alikuwa anatoka jasho na baridi yote ile.

Muthoki, niliyelazimishwa kuandamana naye, akamwomba Leshan amwonyeshe choo kiko wapi. Wakakaa nyuma ya zizi saa nzima. Kurudi, kijana amebeba begi. Muthoki akamwambia mzee kwamba ofisi ilikosea fomu. Yaani mimi!

Ijumaa, 13 Juni
Leshan amewekewa dripu, anakula. Ameniambia kwa upole kwamba Jumanne aliomba Mungu mzee atoke hata kujisaidia, ili nimuulize tena. Imeniuma kidogo.

Muthoki amepewa nafasi. Mimi nimeachiwa mteja mmoja, Kivuva. Sawa. Nimefikiria usiku kucha na kosa nimeliona: shida ni hawa baba. Jumatatu baba hakanyagi hapa. Nimemwalika mama mkwe wa Kivuva, akae naye bega kwa bega. Kivuva, kusikia hivyo, ameuliza kama dirisha la choo linafunguka.