Mratibu wa Kuchukua Watoto

Lugano aliiona riziki yake saa kumi jioni, kwenye geti la shule moja ya awali pale Makandana. Mama mmoja, Imakulata, alikuwa amekimbia kutoka kiwanda cha chai akiwa bado na aproni. Alichelewa dakika kumi, akatozwa faini ya elfu mbili. Alimwambia Lugano, ambaye hata hakumjua, kwamba mwezi ule faini zilikuwa zimeshameza pesa ya mboga na sasa zilikuwa zinatafuna ya sabuni.

Kesho yake Lugano alitokea na tai shingoni, akajitambulisha kuwa Mratibu wa Uchukuaji Watoto Wilaya. Cheo hicho alikuwa amekitunga akinyoa ndevu. Kwa elfu kumi na tano kwa mwezi, mtoto angetolewa shuleni kwa wakati na kufikishwa nyumbani. Wazazi ishirini walilipa siku hiyohiyo. Imakulata alikopa kwa jirani.

Lugano alipanga kulala Mbeya na laki tatu zao. Tamaa ikamshika mkono. Kule Ibighi kulikuwa na wazazi wengine arobaini, ila walitaka kwanza kuona muhuri wa shule. Akamfuata mkuu wa shule, Madamu Anyelwisye, mwanamke mpole mwenye sauti ya kwaya.

"Muhuri upo, mwanangu," alisema Madamu. "Weka dhamana ya laki tatu. Muhula ukiisha, unarudishiwa."

Lugano alitoa zote, akiwaza zile laki sita za Ibighi. Akapewa muhuri. Wazazi wa Ibighi wakautazama, wakausifu, wakasema watalipa wakishaona kazi yake muhula mzima.

Hapo ndipo tapeli wetu alipoanza kufanya kazi. Kila alasiri, chini ya mvua ya Tukuyu, aliongoza watoto ishirini barabarani, akifuta makamasi na kubeba aliyelala. Imakulata akaweza tena kununua mboga.

Siku ya kufunga shule, Lugano alidai dhamana yake. Madamu alifungua daftari taratibu: ada ya kutumia geti, ada ya kusimama kivulini, faini ya kuwahi kabla ya kengele. Zilibaki shilingi elfu nne.

Alitoka ameshika noti mbili kama mtu aliyeshika barua ya msiba. Imakulata, aliyekuwa getini, alimsikiliza mpaka mwisho bila kucheka.

"Pole, kaka," alisema. "Sasa na wewe ni mzazi mwenzetu."